Mzigo wa Kiwanda cha Matofali

Kabla ya siku ile ya Kibondo, Zuleha binti Twalibu alikuwa amevunjwa mkono mara moja tu, na aliyemvunja alikuwa mume wake. Ilikuwa zamani, binti yao Asmahani ndiyo kwanza anaota meno. Mume alirudi nyumbani Kasulu mchana, amekasirishwa huko na watu wengine, akamkuta mkewe amejiinamia anasoma kitabu cha ushuru wa forodha na ugali haujasongwa. Akauchukua mchi. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Zuleha alimbeba mtoto kwa mkono mzima, akatoka hadi barabarani, akadandia lori la mahindi lililokuwa likielekea Manyovu, mpakani na Burundi, kwa kuwa ndilo lililosimama.

Manyovu hakuwa na ndugu. Aliyempokea ni mwanamke muuza chai na chapati kwa madereva, Muha wa Kabanga, Mkatoliki, mwenye sauti ya kukwaruza na mikono yenye madoa ya kuungua na mafuta. Jina lake Maximilla.

"Mwakeye," alimwamkia kwa Kiha. Kisha akauona ule mkono unavyoning'inia. "Nani kakufanya hivi?"

"Baba Asma."

"Aje hapa."

Na kweli alikuja, wiki ya pili yake, anatukana tangu barabarani. Maximilla aliinua sufuria ya chai jikoni akammwagia kuanzia begani hadi kiunoni. Yule bwana alikimbia akilia, ngozi ya mkono inambanduka, na tangu siku hiyo hakutia mguu tena Manyovu. Zuleha alikaa kwa Maximilla mwaka na miezi. Alipona, akamaliza masomo yake, akapata leseni, akawa wakala wa forodha.

Kazi hiyo watu wengi hawaijui. Kila kitu kinachovuka mpaka kina namba yake katika kitabu cha ushuru. Nyanya ina namba, kitenge kina namba, hata nywele za bandia zina namba. Wakala ndiye anayejaza tamko la mzigo na kuweka namba, na namba ndiyo inayoamua ushuru. Ukikosea namba umeiibia serikali au umemwibia mteja. Zuleha alikuwa hakosei. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kompyuta na kabati la chuma, hatua chache kutoka kibanda cha Maximilla, na madereva walikuwa wakisema ukitaka mzigo wako usilale, nenda kwa Mama Asma.

Ndipo akaja Nurudini.

Nurudini alikuwa mfanyabiashara wa Kasulu, mtu wa maneno laini na manukato, ambaye babu yake alitoka pwani kama baba yake Zuleha. Aliingia ofisini akaamkia vizuri, akaketi, akatandaza karatasi zake mezani.

"Dada Zuleha, nina tenka imekwama hapa. Mzigo ulikuwa unapita tu kwenda Burundi. Mteja wa kule kanikimbia. Sasa nataka uingie nchini."

"Mzigo gani?"

"Kondensati."

Zuleha alikuwa hajawahi kuiandikia tamko, lakini alikuwa amesoma habari zake. Ni majimaji mepesi yanayopanda kutoka kisimani pamoja na gesi asilia. Kwa kuwa hayajasafishwa kiwandani, kitabu kinayahesabu kuwa ndugu wa mafuta ghafi, na mafuta ghafi hayalipiwi ushuru. Petroli na mafuta ya taa yako mstari wa pili, miongoni mwa yaliyosafishwa, na huko ndiko tozo zilikojaa. Mstari mmoja tu unavitenganisha.

"Utayafanyia nini, kaka?"

"Nina kiwanda cha matofali Kibondo. Matanuri yangu yatachoma haya badala ya kuni." Akatoa simu, akamwonyesha picha: banda refu la bati, matofali mekundu yamepangwa, watu wamevaa kofia za njano.

Afisa wa forodha wa zamu alikuwa Ghati, mwanamke mrefu aliyehamishiwa huku kutoka Tarime, asiyecheka ovyo. Alichukua sampuli ya mzigo kwenye chupa, akaifunga kwa lakiri, akaituma kwa mkemia. Zuleha alikuwa amesimama pembeni chupa ilipojazwa, na ile harufu ikamwingia puani: petroli iliyochanganyika na kitunguu saumu kilichooza. Majibu yalirudi baada ya siku kumi na moja. Ilikuwa kondensati kweli.

"Namba yako ni sahihi," Ghati alimwambia. "Ila bila kiwanda siwezi kuuachia mzigo huu. Hicho kiwanda umekiona kwa macho yako?"

Kwenda Kibondo na kurudi ni safari ya kutwa nzima. Zuleha alikuwa na mizigo mingine sita inayongoja, na picha alikuwa ameziona.

"Nimekiona," alisema Zuleha.

Ghati akamwangalia kidogo, akamsukumia karatasi. Zuleha akaandika kwa mkono wake kwamba amekiona, akatia saini. Tenka likaondoka.

Haikupita miezi miwili. Asubuhi moja, madereva wamepanga foleni wakingoja chai, Maximilla alilijaza jiko lake la mchina mafuta ya taa aliyonunua jana yake dukani, akawasha kiberiti. Zuleha alikuwa anafungua kufuli la ofisi. Alisikia kishindo kama mlango uliobamizwa na upepo. Alipogeuka, kibanda kilikuwa kinawaka, na katikati ya moto kulikuwa na mtu anayezunguka.

Alikimbia. Dereva mmoja alikuwa ameshavua koti, akamrukia Maximilla, wakaanguka wote wawili vumbini. Zuleha aliuzima moto wa kichwani kwa viganja vyake. Nywele zilibaki mkononi mwake, na kitu kingine kilichokuwa si nywele. Maximilla alikuwa hai, macho wazi, anasema kwa sauti ileile ya kukwaruza, "Chapati zinaungua. Mama Asma, geuza chapati."

Alipelekwa hospitali ya Kabanga. Waganga walifanya kila walichojua. Alikaa siku tisa. Siku tatu za kwanza aliongea, tatu zilizofuata alilia, na tatu za mwisho hakufanya lolote. Wodini humohumo walikuwamo wengine wanne: mke na mume wa Muyama waliolipukiwa na taa, fundi cherehani, na mtoto mchanga. Kwa wote ilisemwa ni mafuta ya taa.

Baada ya mazishi Zuleha alirudi kwenye majivu ya kibanda. Dumu la mafuta lilikuwa limebaki zima, kwa kuwa Maximilla alikuwa analificha mbali, nyuma ya mtungi wa maji. Alifungua kizibo akanusa. Kitunguu saumu kilichooza.

Aliketi chini palepale. Hakulia. Alichukua jiwe akajipiga nalo pajani, tena na tena, hadi mama mmoja muuza ndizi akaja akamshika mkono akamnyang'anya.

Wiki hiyohiyo Nurudini alipiga simu: tenka la pili limefika, aandike tamko kama lile la kwanza. Zuleha akasema hataandika. Nurudini akacheka kidogo, akasema sawa dada, nitamtuma kijana tuelewane. Aliyekuja ni Tamimu, msimamizi wake, mwanamume wa miaka arobaini, shingo kama gogo. Alifunga mlango wa ofisi kwa nyuma, akamshika Zuleha kisogo, akambamiza uso kwenye kabati la chuma. Mara moja. Kisha akamtengeneza ushungi vizuri, kama mtu anayemvalisha mtoto wake.

"Bosi anasema ufikiri hadi Jumatatu."

Zuleha alitema damu kwenye leso, akafikiri. Angeweza kwenda moja kwa moja kwa Ghati. Lakini angemwambia nini? Kwamba alidanganya, na kwamba harufu ya dumu ndiyo shahidi wake? Alitaka kwenda na kitu mkononi. Na zaidi ya hayo, ingawa hakumwambia mtu, alitaka kukiona hicho kiwanda alichokwisha kuapa kwamba amekiona.

Jumamosi, saa nne asubuhi, alishuka kwenye basi Kibondo. Aliulizia kiwanda cha matofali. Watu walimtazama tu. Mwendesha pikipiki mmoja ndiye aliyesema, "Labda pale kwenye godauni la mafuta," akampeleka nje ya mji, kwenye njia ya vumbi jekundu, akamwacha karibu na ukuta wa miti ya mikaratusi.

Banda la bati lilikuwepo, lilelile la kwenye picha. Matofali hayakuwepo hata moja. Hapakuwa na tanuri wala moshi. Kupitia upenyo wa bati Zuleha aliona matangi manne makubwa ya plastiki, mapipa ya mafuta ya taa yasiyo na idadi, na mabomba ya mpira yanayotoka huku kuingia kule. Watu wawili walikuwa wanachanganya kondensati na mafuta ya taa kwa ndoo, vitambaa wamejifunga puani. Alipiga picha saba kwa simu. Akazituma kwa Ghati, na chini yake akaandika: *Kiwanda ni hiki. Nilikudanganya. Kibondo, njia ya mikaratusi.*

Alama ya kuonyesha kwamba zimefika ilitokea, na papo hapo mkono wa Tamimu ukamshika shingoni.

Walimwingiza kwenye chumba kidogo kilichokuwa ubavuni mwa banda, chenye dirisha lisilo na fremu. Nurudini alifika baada ya nusu saa, manukato yake yakatangulia. Aliweka laptopu juu ya pipa.

"Dada Zuleha," alisema kwa upole, "mimi sina haja ya kukuumiza. Nina haja ya nywila yako tu. Tamko nitaandika mwenyewe, jina litakuwa lako. Tenka litoke Manyovu leo, kisha wewe urudi kwa binti yako."

"Maximilla amekufa," alisema Zuleha.

"Nani?"

Swali hilo lilimchoma kuliko kofi lililofuata. Nurudini alikuwa haulizi kwa kejeli. Alikuwa hamjui kweli.

Tamimu akampiga kofi sikio likaziba. Zuleha akataja nywila. Nurudini akaiandika, mfumo ukaikataa.

"Umekosea, dada."

Tamimu akampiga ngumi tumboni. Alipopata pumzi akataja nyingine. Mfumo ukaikataa nayo. Safari hii Tamimu alimpiga teke la mbavu akiwa chini, mara mbili, na Zuleha akasikia kitu ndani kimeachia. Alinyoosha mkono, kana kwamba anaomba waache, akataja ya tatu polepole, herufi kwa herufi, huku analia. Machozi yalikuwa ya kweli. Nywila haikuwa ya kweli.

Nurudini akabonyeza. Akasoma maandishi kwenye kioo, akasoma tena.

"Imejifunga," alisema Zuleha kutoka sakafuni. Mdomo wake ulikuwa umevimba. "Ukikosea mara tatu inajifunga. Hakuna tamko leo. Wala kesho. Na picha za banda lako ziko forodhani."

Upole wote ulimtoka yule bwana. Alimkanyaga kifua, akapokonya kipande cha bomba la chuma mikononi mwa Tamimu, akampiga nacho yeye mwenyewe. Zuleha alikinga kwa mkono wa kulia. Aliusikia ule mlio wa kuni kavu, akaujua.

"Yahamisheni mafuta!" Nurudini alipiga kelele akitoka, Tamimu nyuma yake. "Yote, yapakiwe kwenye lori, sasa hivi! Nestori, washa pampu!"

Nestori alikuwa mtu wa pampu, mzee kidogo, mwenyeji wa Kibondo. Zuleha alimsikia kupitia ukuta wa bati. "Bosi, hewa imetuama. Mvuke wa haya mafuta uko chini chini, hauondoki. Tungoje upepo."

"Nimesema washa."

"Bosi, mimi nimefanya kazi hii..."

Kukasikika mtu akipigwa. Kisha kamba ya pampu ikavutwa mara ya kwanza.

Zuleha alikuwa amesoma vya kutosha kuijua kondensati. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji, hujaa kwenye mashimo, na hungoja. Alijiburuta hadi dirishani. Kamba ikavutwa mara ya pili. Alitupa tumbo lake juu ya ukingo, mbavu zikamkata pumzi, akajisukuma kwa miguu. Mara ya tatu.

Alikuwa bado hewani kati ya dirisha na ardhi pale banda lilipolipuka. Bati ziliruka juu ya mikaratusi kama kunguru. Joto lilimpiga mgongoni, likamkunja, likamtupa kwenye mtaro. Alipoinua kichwa, masikio yanapiga mluzi, aliliona pipa likipanda angani, likageuka na kuanguka, na kila lilipogusa pakawaka. Nestori hakuonekana tena. Wala wale wawili wa ndoo. Kilichopatikana baadaye kilizikwa kwenye sanduku moja.

Gari la Nurudini lilikuwa linaondoka kwa kasi, kioo cha nyuma kimepasuka.

Na hapo akamwona Tamimu. Alitoka kwenye moto kwa magoti, shati limeyeyukia mgongoni, anatambaa na kusimama na kuanguka. Alikuwa akimwita mama yake, jitu zima lile.

Zuleha alimtazama. Haifai kusema uongo katika hili: alimtazama kwa muda, na moyo wake ulisema aache aungue, ajue naye. Pipa jingine lilipasuka. Ndipo akatoka kwenye mtaro, akamshika ukosi kwa mkono wa kushoto, akamvuta. Mtu mzito yule, na yeye mbavu zimevunjika. Kila hatua alikuwa anamtukana. "Vuta miguu, shetani wewe! Sukuma! Utakufa vipi hujasema!" Walipoufikia mtaro wote walianguka ndani, akammwagia udongo mgongoni kwa kiganja hadi moto ukazimika.

Polisi waliwakuta hivyo, mmoja ameketi, mwingine amelala, wote weusi kwa masizi. Ghati ndiye aliyewapigia mara tu alipoziona picha.

Nurudini alifika hadi Muyama, akitafuta njia za panya za kuvukia. Gari lilimwishia mafuta. Wanakijiji walikuwa wameshasikia redio, na kati yao walikuwamo ndugu wa wale mke na mume waliolipukiwa na taa. Walimtoa garini. Walimpiga kwa mipini ya majembe, kwa mawe, kwa miguu mitupu, hata wanawake wenye watoto mgongoni walimpiga. Polisi walipomwokoa jicho moja lilikuwa limekwenda na meno ya mbele hayakuwepo. Zuleha aliletewa habari hiyo hospitalini. Alifurahi. Alingoja aone haya, haya haikuja.

Tamimu alipona, makovu mwili mzima, akasema kila kitu: duka kwa duka, dumu kwa dumu. Kesi ingali mahakamani. Leseni ya Zuleha ilisimamishwa wiki ileile, kwa lile neno lake moja la uongo. Ghati mwenyewe ndiye aliyemletea barua, akasimama kando ya kitanda.

"Ningeweza kusema nilikulazimisha uandike," Ghati alisema. "Na mimi nilitaka kumaliza foleni."

"Usiseme. Nilisema nimekiona."

Barua aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mto.

Wiki ya tatu, mkono ukiwa ndani ya plasta, alikwenda Kabanga kijijini, kwa mama yake Maximilla. Bibi alikuwa uani anapembua maharage, fimbo yake iko kando. Alimkaribisha, maana alimjua kama rafiki wa mwanawe. Zuleha hakukaa. Alisimama akaeleza yote, tangu picha za simu hadi kusema nimekiona. Hakuruka kitu.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akashika fimbo, akainuka kwa taabu, akampiga. Begani kwanza. Halafu mgongoni. Halafu popote. Zuleha alisimama tu, ameukumbatia mkono wenye plasta, mbavu zikimwaka moto kwa kila pigo. Majirani walitokea kwenye ua, mmoja akataka kuingilia, bibi akamtolea fimbo naye akarudi nyuma. Alipiga hadi pumzi zikamwishia, akabaki ameegemea fimbo.

"Ulimgeuzia chapati?" aliuliza bibi. "Watu walisema alikuwa anazililia zile chapati."

"Hapana, mama. Zilikuwa zimeungua zote."

Bibi akatikisa kichwa. Akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na sahani ya ugali wa muhogo na maharage, akaiweka juu ya mkeka.

"Kaa."

Zuleha akakaa. Aliutazama mkono wake wa kulia ndani ya plasta, akautazama wa kushoto, akaona haya kuutia chakulani. Bibi aliona. Alipiga goti mbele yake akiguna kwa maumivu ya miguu, akamega tonge, akalibonyeza, akalichovya.

"Fumbua," alisema kwa hasira, na Zuleha akafumbua mdomo.